Somo la Dakika Ishirini na Tano

Siku yangu ya mwisho ya kawaida niliimalizia China, katika mji wa viwanda ambako nilikuwa nafundisha Kiingereza kwa mwaka wa nne. Asubuhi nilikula mkate wa mvuke nikiwa nimesimama, nikafika kwenye kituo cha masomo kabla ya wazazi, nikaita majina. Watoto wa kule hupenda kupewa jina la pili la darasani, na kazi ya kuwapa ni ya mwalimu. Majina ya Kiingereza niliyoyajua yalikuwa yameniishia, na mvulana mmoja alikuwa amejiita Dinosaria bila kuniuliza. Basi alipokuja msichana wa miaka saba, nikampa jina la kaka yangu: Mugisho. Alilipenda palepale. Kwamba ni la mwanamume wa Bukavu, hakuwa na habari.

Nilimpigia kaka simu Johannesburg kumweleza. Alicheka mpaka wateja wakamuuliza kulikoni.

"Sasa niko na wajina Muchina," akasema. "Umufundishe muzuri, asiniletee haya."

Mugisho ndiye aliyenilea. Tulitoka Bukavu mimi nikiwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa, vita vikiwa vimekwisha kumchukua mama. Alifungua spaza yake, duka dogo la mtaani, kule Diepsloot, pembeni mwa Johannesburg, na mikate na mafuta ya kupikia aliyouza ndiyo yaliyonisomesha chuo. Kutoka nyumbani tulibeba kitu kimoja tu ambacho hakikupotea njiani: namna mama alivyokuwa akigonga mlango wakati wa mapigano. Mara mbili haraka, kimya kidogo, kisha mara moja. Ukisikia hivyo unafungua. Ukisikia vingine unalala chini.

Nilirudi Johannesburg kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Kituo changu kilinifuata na sheria zake hata likizoni. Masomo yaliendelea kwa mtandao, kila somo lilirekodiwa, mwalimu alitakiwa kutabasamu, na mtoto akitazama pembeni, anarudishwa kwenye ukurasa. Wazazi wakilalamika mara mbili, mkataba umekwisha. Mimi nilikuwa nimeshalalamikiwa mara moja, kwa ajili ya kelele za dukani. Mugisho akaninunulia hedifoni kubwa za kuzuia kelele, akanivalisha mwenyewe, akarudi nyuma kunitazama kama fundi aliyemaliza suti. Hazikuwa na maikrofoni. Sauti ya chumbani iliendelea kuchukuliwa na kompyuta.

Siku yenyewe, ilikuwa karibu saa saba mchana. China ilikuwa jioni, watoto wameshakula. Watu walikuwa wanakusanyika barabara kubwa wakisema wageni watoke, na Mugisho alikuwa amekwisha kushusha mlango wa chuma wa duka. Alinikuta chumba cha nyuma nikipanga vitabu.

"Acha somo leo, mudogo. Kamata makaratasi yako, twende Turffontein kwa watu wetu."

"Dakika ishirini na tano tu, kaka. Tena ni yule wajina wako."

Alinitazama, akatabasamu bila kutaka.

"Eish. Sharp, sawa. Minaenda kuangalia barabara. Ujifungie na funguo. Nikigonga ile ya mama, unafungua."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikafunga. Nikavaa hedifoni.

Tulikuwa tunasoma habari za bata na mvua. Mugisho mdogo alisoma mistari minne vizuri kabisa. Kisha akanyamaza, akanyoosha kidole nyuma yangu.

"Ticha."

Nikatabasamu, nikamwonyesha mstari.

Akasoma neno moja. Akanyoosha kidole tena.

Nikatabasamu, nikamwonyesha mstari.

Akaziba masikio kwa mikono.

Hapo sakafu ikatikisika na kikombe changu kikaanguka. Walikuwa wanavunja mlango wa chuma wa mbele. Nilizivua hedifoni, na kelele ikaniingia yote kwa mara moja: filimbi, mabati, sauti za watu niliowajua, watu walionunua mkate kwetu.

Nikazungusha funguo. Mlango wa nyuma ulinisukuma.

Mugisho alikuwa ameuegemea. Aliangukia miguuni pangu, kichwa kimepasuliwa, macho wazi. Nilimwita. Nilimwita tena.

Jirani yetu, Mama Thandi, alikuwa ameshaingia uani. "Shesha, bhuti!" Haraka, kaka. Alinishika shati.

Nikamwambia siwezi kumwacha. Akajibu kwa Kizulu kwamba hayupo tena, na Kizulu chake nilikielewa.

Nikamwacha.

Nilishinda chini ya kitanda cha Mama Thandi, nikinusa duka letu likiungua. Mpaka leo naona aibu kwamba miguu ilinibeba.

Sasa naishi Turffontein. Katika vita vya kwanza nilikuwa mtoto, na hakuna aliyeniuliza kitu. Hivi vya pili nimevijibu kwa polisi, kwa mchungaji, kwa ndugu waliopiga simu kutoka Bukavu: hedifoni zilikuwa masikioni, sikusikia. Ni kweli. Lakini niliomba rekodi ya somo lile, nikaisikiliza mara moja. Mara mbili haraka, kimya, mara moja. Kaka alirudia mara nne. Sikusikia hata moja, lakini kile kidole nilikiona, mara zote mbili. Baada ya hapo ni kiti kitupu, na mtoto anangoja mpaka moshi unaingia na picha inakatika.

Baada ya mazishi nilirudi kazini, kwa mtandao, kwa sababu sikujua kazi nyingine. Orodha ilianza na jina lake. Nikaliita.

"Nipo, ticha." Alikuwa amekatwa nywele. Akauliza kwa Kiingereza nilichomfundisha mimi, polepole, asikosee: "Yule mtu, ulimfungulia?"

"Nilimfungulia," nikasema. "Nilichelewa."

Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akafungua kitabu, akakaa wima, akangoja nimwonyeshe mstari.