Waya niliyoificha ndani ya motere ya mudogo wangu

Ni mimi nilikosa. Wengine wanasema ni vita, wengine wanasema ni ziwa. Hapana, ni mimi! Siandiki jina langu juu naona haya, lakini kama mutu wa upande wa Lac Vert atasoma, pengine atanijua. Anijue tu. Nimechoka kubeba hii kitu peke yangu.

Mimi ni fundi wa motere, zile injini za kusukuma mitumbwi, nakaa Murara hapa Goma. Sisi ni watu wa Butembo, ziwa hatukuzaliwa nalo, lakini mukono wangu unapenda chuma. Mudogo wangu Kasereka nilimuleta mimi mwenyewe. Nilimufundisha kazi, nikamutafutia motere ya zamani, rangi yote imetoka, akaanza kubeba watu na makala ya kupikia kwenye maji. Alikaa nje ya muji, kando ya ziwa, karibu na Lac Vert, na muke wake Masika. Huyo Masika alikuwa ananiita "muzee wangu" wakati sina hata mvi, kwa kunichokoza tu. Alikuwa na mimba kubwa.

Vita ikawa inakaribia kutoka muji wa Sake. Watu wenye bunduki wakaanza kunyang'anya motere. Wanakuja, wanavuta kamba, kama inawaka wanaibeba. Na mara nyingine wanabeba mwenye motere pia awaendeshee, harudi tena.

Basi nikaenda kwa Kasereka asubuhi, nikafanya ujanja wangu. Sikilizeni, si kitu kigumu. Kwenye motere kuna kifungo cha kuzimia. Ukikibonyeza, moto uliokuwa unaenda kwenye buji, ile plagi ya kuwasha petroli, unapelekwa kwenye chuma ya mwili wa motere, motere inakufa. Mimi nikachukua kipande kidogo cha waya, nikaunga ile njia ya kuzimia na chuma moja kwa moja, chini ya kifuniko, nyuma ya bulon ya kukazia. Hapo unaweza kuvuta kamba mpaka mukono ukatike, buji haitoi moto hata kidogo.

Wale wenye bunduki wakafika tukiwa tunakula. Wakamulazimisha Kasereka avute. Akavuta! Jasho inamutoka, anashangaa kweli, anasema, "Wakubwa, naapa jana ilikuwa nzima!" Wakaipiga teke, wakatutukana, wakaenda. Mimi nacheka ndani ya tumbo.

"Kaka, motere imekuwa nini?" akaniuliza.

"Iache hivyo hivyo. Kesho nitarudi niitengeneze."

Kwa nini sikumwambia? Kasereka hajui kudanganya. Nilijua wakirudi wamukazie macho, atasema yote. Hiyo sababu ilikuwa nzuri, bado naona ilikuwa nzuri. Ubaya ulikuja nyuma.

Kesho yake nikatoka nyumbani niende kuitoa ile waya. Njiani nikakuta marafiki wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nikasema nikae kidogo. Aka! Nikaanza kuhadithia namna nilivyowachezea wale wenye bunduki. Watu wanacheka, wananipiga mabega, wananiongezea kopo. Nikaonyesha na vidole jinsi waya inavyopita! Pombeni pale wote walijua siri ya ile motere. Mudogo wangu mwenyewe hakujua.

Niliposimama, barabara ilikuwa imejaa watu wanaokimbia kutoka Sake, magodoro kwenye kichwa, watoto mugongoni, mbuzi. Mabombe yanasikika. Askari wamefunga njia, hakuna kupita kwenda kule. Nikapiga simu, haipiti, rezo imekatika. Nikarudi nyumbani nikalala. Ndiyo, nililala!

Kumbe asubuhi ile ile niliyokaa kwenye kasiksi, Masika alikuwa amezaa. Mutoto mwanamuke, muzima. Lakini damu ya mama ikakataa kusimama. Munganga wa kituo cha afya akasema anahitaji kuongezewa damu, apelekwe hospitali ya mujini upesi. Barabara imefungwa. Ikabaki ziwa, na kwa motere ile safari ni fupi sana.

Wakamulaza kwenye godoro ndani ya mutumbwi. Kasereka akavuta kamba. Kimya.

Yote aliyofanya pale, alifanya vile nilivyomufundisha. Alitoa buji, akaipangusa, akaishikisha na chuma, akavuta aone moto. Hakuna. Akaweka buji mupya. Hakuna. Akasugua platine, vile vyuma viwili vidogo vya kukatisha moto, kwa karatasi ya msasa. Hakuna. Akachukua ile aparei ya kupimia niliyomupa, akapima bobini, ile inayotengeneza moto wa buji, akaikuta nzima. Munganga alikuwa pale, alinihadithia. Anasema Kasereka alikuwa anaongea peke yake: "Buji mupya, platine safi, bobini nzima. Sasa moto unapotelea wapi? Kaka, moto unapotelea wapi?"

Ananiita mimi! Na kitu cha kwanza fundi anafanya buji ikikosa moto ni kutoa waya ya kile kifungo cha kuzimia na kujaribu tena. Cha kwanza! Hicho ndicho sikumufundisha, juu nilitaka kibaki ujanja wangu mwenyewe.

Masika ndiye alimwambia bwana yake, "Papa, acha hiyo chuma. Pigeni makasia tu." Wakapiga, Kasereka na majirani. Upepo ukawakuta katikati. Masika alikata roho wakati nyumba za mujini zimeanza kuonekana.

Baada ya mazishi, Kasereka akaniomba niifungue ile motere mbele yake. "Nataka kujua tu, kaka." Nikamugeuzia mugongo, nikachomoa waya, nikaiweka mufukoni.

"Ilikuwa nini?"

Pale ndipo ningesema. Watu wa familia wamesimama, mama yetu amekaa chini. Mudomo wangu ukasema, "Bobini. Ilikuwa imekatika ndani."

"Lakini nilipima."

"Ulipima vibaya."

Akasema polepole, "Na bobini ingine ilikuwa ndani ya sanduku, kwenye mutumbwi. Wewe ndiye uliniwekea."

Mungu wangu! Nilikuwa nimesahau hiyo bobini. Sasa nirudi nyuma namna gani? Nikaitoa kwenye sanduku, nikaifunga, nikavuta kamba mara moja. Motere ikalia. Kasereka akaona kama angeibadilisha tu siku ile, Masika angefika; akaanguka akakaa kwenye mawe, akashika kichwa na mikono yote mbili. Mama yetu akaanza kulia upya.

Toka siku ile hakugusa motere tena. Akaanza kusukuma chukudu, ile baisikeli ya mbao ya mizigo, anabeba viazi na makala mujini. Akalea mutoto peke yake. Na kila mutu akimuuliza, anajibu, "Ni mimi nilimuua Masika. Sikujua kupima bobini." Mimi nimekaa pale kwake, nakunywa chai yake, nanyamaza. Miaka yote hiyo nanyamaza!

Mwaka huu mutoto akafika umri wa kuuliza. Akauliza nikiwa pale. Kasereka akaweka kikombe chini, akamwambia, "Mama yako alikufa juu baba yako hakujua kazi yake." Yule mutoto akamuangalia baba yake kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena.

Nikashindwa. Nikasema yote, waya, kasiksi, bobini. Nikapiga magoti.

Kasereka hakunitukana. Aliuliza tu, "Bobini ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Nilipima vizuri?"

"Ulipima vizuri, mudogo wangu. Ulifanya yote vizuri."

Akalia mpaka mutoto akaogopa. Kisha akapangusa uso, akafungua mulango. "Kaka, enda. Enda tu." Mpaka leo nikipiga simu hashiki, nikituma mutu anarudi hana jibu.

Wewe unayesoma, siku hizi za vita tunaficha vitu vingi, na tuna sababu. Ficha! Lakini yule ambaye maisha yake yako juu ya hicho kitu, mwambie. Kama unaogopa mudomo wake, mwambie hata hivyo. Na ukikosa, sema siku ile ile, mbele ya maiti, hata wakupige. Usitafute uongo wa kujifunika, juu uongo huo utamwangukia mutu wako, na atauamini.

Ile waya Kasereka angenisamehe, namujua. Angelia, angenipiga, angenisamehe. Lakini nilimuacha miaka yote ajiite muuaji wa muke wake, nami nilijua alikuwa amepima vizuri.