Ganda lililokwama asubuhi ya baridi

Mji wetu wa Butembo una kipaji cha kukiacha kitu kinachofanya kazi na kukumbatia kinachong'aa. Tangu nilipokuwa mwanafunzi, mbio za shule hapa zilianzishwa kwa mbao mbili. Mwalimu alisimama pembeni, akazigonganisha, pa!, watoto wakaondoka. Mmoja akitoroka kabla ya wakati, mbao ziligonganishwa tena na wote wakarudi. Hazikuwahi kukwama. Na hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake: hazikuhitaji mtaalamu wala kamati.

Kisha mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa hapa, akarudi kutoka Guangzhou na bastola ya kuanzishia mbio. Haiui mtu. Hupiga baruti tupu, mlio na moshi basi. Lakini ni bastola kwa umbo, nyeusi na nzito, na kila inapolia hutema ganda pembeni ili risasi inayofuata ipande mahali pake. Kamati ya michezo iliipokea kwa hotuba ndefu. Katika mkoa ambao mtu akisikia mlio huuliza kwanza umetoka upande gani, watu wenye diploma walikaa wakakubaliana kwamba kilichopungua katika maisha ya watoto wetu ni milio. Mimi pia nina diploma, kubwa kuliko zao, na nilikuwa nimealikwa kama mzazi. Nilipiga makofi.

Mchujo ulifanyika Beni, mji jirani wa chini, wenye joto. Redio ilitangaza, mapadri na wachungaji wakatangaza: jamani, msikimbie, ni michezo. Pamoja na hayo, mlio wa kwanza ulipopasuka, akina mama kwenye soko la mtaa wa Beu waliacha nyanya juu ya meza na kuondoka, na nusu ya jukwaa letu ililala chini. Mimi nilikuwa chini ya benchi mapema kabisa. Kutoka huko niliona viatu vya mwenyekiti wa kamati vikinifuata.

Bastola yenyewe ilifanya kazi vizuri ajabu. Maganda yaliruka kama bisi. Aliyeishika, mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari, alikuwa akipuliza moshi kila mara kwa madaha.

"Siri ni matunzo, professeur," aliniambia. "Hii kitu inataka mafuta safi. Mimi naipaka mawese ya Mabalako, ile ya kwanza kabisa. Hapana ile banachanganya."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekulia katika kiwanda cha silaha.

Siku hiyo binti wa dada yangu, anayeishi na mama yake hapo Beu, alishinda mita mia mbili. Katika kila mbio, atakayeshinda fainali ya Butembo angepanda ndege kwenda Kisangani na timu ya mkoa. Mmoja tu. Binti huyo hakuwahi kupanda ndege. Njiani kwenda nyumbani aliniuliza kama dirisha lake linafunguka.

Usiku wa kuamkia fainali alilala kwangu Bulengera, hapa Butembo. Asubuhi alikuja kunywa chai amejifunika blanketi la mke wangu, akiutukana mji mzima.

"Mujomba, huku munaishi aje? Hata maji inauma!"

Baridi yetu ya asubuhi ni ya kweli. Ukungu ulikuwa bado umekalia vilima, walimu wamevaa makoti hadi masikioni. Wasichana waliinama kwenye mstari. Sasa, kabla mwalimu hajafyatua, msichana mmoja wa shule ya hapa hapa alikuwa ameshaondoka. Uwanja wote ulimwona. Mlio ukapasuka, wengine wakamfuata, na mwalimu, kwa haki yake, akainua mkono tena apige wa pili, kuwarudisha.

Tik. Kimya.

Ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mgeni asiyejua kuaga. Binti yetu alikuwa ameuona mkono ukiinuka, akasimama kama alivyofundishwa, akingoja mlio. Wenzake hawakugeuka. Yule aliyetoroka alifika wa kwanza.

Niliteremka jukwaani kwa hasira za mtu aliyesoma, yaani polepole na kwa maneno mengi. Mwenyekiti alinisubiri na jibu tayari.

"Hakuna mlio wa pili, hakuna kurudi. C'est le règlement, ndiyo sheria. Mais, kama kosa ni ya officiel, mutu wa kazi yetu, mbio itarudiwa. Kama risasi ni mbovu toka kiwandani, hiyo ni bahati mbaya. Tutaangalia."

Wakaketi kuizunguka meza ya plastiki kutafuta kwa nini ganda halikutoka. Binti alisimama pembeni na blanketi lake mabegani. Kisangani yake yote ilikuwa imebanwa hapo pamoja na ganda.

Sijapata kuona ujinga uliokaa kwa heshima kiasi kile. Katibu alisema baruti ni dhaifu, haina nguvu ya kurudisha nyuma chuma cha juu. Risasi zilikuwa za boksi lile lile la Beni, lakini nani anajali. Mwenyekiti alisema mkono wa mpigaji ulikuwa legelege, na bastola ya namna hii hutaka mkono mgumu ili ipate pa kujiegemeza.

"Mukono yangu?" mwalimu aliruka. "Huu mukono haijatetemeka hata siku ya ndoa!"

"Siku ya ndoa haukushika bastola, mwalimu."

Mwalimu akachora kwa kidole juu ya meza fomula ya mgandamizo wa hewa, kwamba tuko juu mno. Askari aliyewekwa kulinda mashindano alichungulia, akapiga mwayo, akasema kwa Lingala, "Beta yango!" Wakaipiga kweli, juu ya meza. Ganda halikutikisika. Nami, nisipitwe, nilitoa nadharia kuhusu vitu vinavyoagizwa bila utamaduni wake. Nilitumia neno paradigme. Binti alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi anayekula nguo kwenye kamba.

Kwa aibu, ili mikono ifanye kitu, nikaomba bastola. Walikuwa wameshaitoa kasha la risasi. Nikagusa kile kindoano kinachovuta ganda, na kidole changu kikarudi cha rangi ya machungwa. Kilinata. Nikanusa: harufu ya sombe, kisamvu kilichopikwa kwa mawese.

"Mwalimu, uliipaka lini?"

"Jana jioni. Mingi kabisa, juu ya finale."

Hakuna jiko Butembo ambalo chupa ya mawese haisogezwi karibu na moto asubuhi ili imiminike. Kule Beni hutiririka kama chai. Hapa, usiku mmoja tu, husimama kama sabuni. Mtu anayewafundisha watoto kuganda na kuyeyuka alikuwa ameijaza mashine kitu kinachoganda, akaileta kwenye baridi, kisha akachora fomula. Na sisi tuliokunywa chai asubuhi ile karibu na chupa hizo tulimsikiliza.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na mama anayechoma mandazi. Nilipomwendea na bastola mkononi, kamati nyuma yangu, aliinua mwiko.

"Papa! Hapana kuleta bunduki kwa mandazi yangu!"

"Haina kitu, mama. Ni kuipasha moto tu."

"Kuipasha? Sasa bunduki nayo munakula na chai?"

Niliishika kandoni mwa mbabula yake, jiko la makaa. Matone mekundu yakaanza kudondoka, yakaungua juu ya makaa, chuma cha juu kikalegea, na ganda likaanguka lenyewe kwenye majivu.

"Donc," mwenyekiti alisema, akinusa, "kosa ni ya mwalimu."

"Ni kosa ya baridi," mwalimu alisema.

"Baridi haiko officiel," binti akajibu.

Mama wa mandazi alicheka hadi akaunguza yaliyokuwa kwenye mafuta.

Nilipendekeza mbao mbili kwa mbio za marudio. Mwenyekiti alinihurumia kwa macho. Bastola ilifutwa kwa leso, mwalimu akaiweka kwapani hadi wasichana walipoinama tena. Mlio ulikuwa safi, ganda liliruka vizuri, hakuna aliyetoroka. Binti yetu aliongoza hadi mwisho wa kona. Huko yule yule wa mara ya kwanza, safari hii bila kuiba chochote, alimpita na kumaliza mbele yake kwa kifua.

Katika hotuba ya kufunga, mwenyekiti alisema kamati imepata somo kubwa: mwakani wataomba bastola mbili. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vyenye mawese na kutafuta maneno ya kufariji, maana yale ya haki niliyoyaandaa hayakuwa na kazi tena.

"Pole sana," nilisema. "Kama asubuhi..."

"Mujomba, wacha. Ya kwanza balinishinda nikisimama. Hii balinishinda na miguu."

Alichukua andazi, akauma. Mshindi alipita mbele yetu na rafiki zake, binti akasimama, akamwita mdomo ukiwa umejaa:

"Weye! Ukipanda ile ndege, uangalie kama dirisha inafunguka. Unitumie habari!"