Setilaiti ya Jirani

Katikati ya miaka ya tisini, redio yetu ilitangaza kwamba setilaiti ya kampuni fulani ya ng'ambo imeharibika, huenda ikaanguka, na haijulikani wapi. Ikimdhuru mtu, mtangazaji akasema, itawajibika serikali iliyotoa kibali cha kuirusha. Mama aliacha kukanda unga. Kule mtaani kwetu Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, setilaiti tuliyoijua ilikuwa moja tu: dishi kubwa la jirani yetu mwenye kibanda cha kuonyesha video, lililofungwa kwa waya kwenye mlingoti wa mbao uliokaribia kugusa paa letu. Chini ya paa hilo ndipo alipolala mdogo wangu mchanga.

"Hata redio imejua," Mama akasema.

Nilikuwa kidato cha pili, najua kila kitu. Nikamweleza kwamba hiyo ya redio iko juu kabisa, inazunguka dunia. Akaniuliza hili la jirani watu wanaliitaje. Nikasema, setilaiti.

"Sasa unabishana nini?"

Akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwenye baraza la chifu. Nilimfuata nikiwa nimeiva kwa aibu.

"Chifu, hii setilaiti ya mwenye video, nani alimpatia ruhusa?"

"Ni mimi. Ako na leseni."

"Ikiangukia mtoto wangu, nani atajibu?"

"Si ni yeye mwenyewe!"

"Redio imesema ni mwenye kutoa ruhusa."

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Chifu naye alicheka, akasema hayo ni mambo ya vitu vya angani. Mama aliwangoja wamalize.

"Kwani hiyo iko chini?"

Kicheko kikahamia upande wetu, na aibu yangu ikaniisha papo hapo. Chifu alimgeukia mwenye video, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, akamwagiza aweke mlingoti wa chuma na saruji, mbali na vyumba vya watu. Kisha akamwambia Mama, "Ikianguka kabla hajatoa, kuja kwangu. Mimi ndio nilisema sawa."

Mwenye video aliitikia, kisha akawa mtu wa kesho. Wiki iliyofuata, nikitoka shuleni baada ya mvua ya upepo mkali, nilikuta paa letu limepasuka na dishi limelala kitandani. Chifu alikuwa amenitangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, analiinua dishi kwa mikono yake, huku akipaza sauti, "Mtoto ako wapi? Mtoto ako wapi?"

Nilitupa mkoba, nikaanza kuvuta blanketi chini ya dishi.

Mama aliingia na mtungi wa maji, mtoto amelala mgongoni mwake. "Niko naye hapa, Chifu."

Chifu aliketi pale pale chini. Kabla giza halijaingia alikuwa ameshamleta mwenye video na mabati mapya, na ngazi aliishika yeye mwenyewe. Walipomaliza, Mama alimpa chai, na hapo ndipo nilipoona serikali ikitetemeka mikono.