Dada Yangu Alikuja Nakonde Kutafuta Kaburi Langu

Dada yangu Tumpe alivuka mpaka kuja kutafuta kaburi langu. Aliyempokea ni mimi.

Sitanii, wakuu.

Mimi ni Mndali wa Mbebe, kule Ileje. Nimezurura Zambia miaka thelathini na moja, nikaishia chumba cha kupanga hapa Nakonde. Tunduma, upande wa kwetu, naiona kwa macho.

Ila kwetu mimi ni marehemu. Walishanilia, wakazika mgomba na koti langu, kwa kuwa maiti haikuonekana.

Jumapili jioni huwa tunakula uani kwa Bwalya, mama wa Kibemba. Yupo Chisomo, Mmalawi, na Kabongo wa Lubumbashi. Kila mtu anasifia kwao, na hakuna anayerudi.

Mwezi wa tatu nikasikia mama yangu bado yu hai, ila haoni. Nikataka kitu kimoja tu: anishike uso kabla hajafa.

Namba ya Tumpe nilipewa na muuza maharage wa Ileje. Kupiga nikaogopa. Bwalya akampigia, akamwambia aje, kuna habari za kaka yake; mwenyewe akadhani kaburi limeonekana.

Tumpe alifika tunakula. Aliponiona akakaa chini palepale vumbini. Akanishika masikio, akatafuta kovu la gotini. Analia huku anacheka.

Chisomo akasema hajawahi kuona marehemu anayemaliza ugali wa nshima namna hii. Hata Tumpe alicheka. Akasema kesho naondoka naye, mama atapagawa.

Moyoni nilikuwa nimeshafika.

Kabongo akamsogezea kiti. "Mama, ikala hapa. Sisi njo bandugu yake."

Tumpe hakukaa. Akamgeukia Kabongo.

"Sauti yako naijua. Wewe ndiye uliyetupigia simu kwamba kaka amefukiwa mgodini."

Kabongo akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi.

Ndiyo, nilimtuma. Mwaka 2012 nilikuwa nimefulia Kitwe pamoja naye, sina hata viatu, na nyumbani kila wiki wanauliza narudi lini. Nikaona bora wanilie mara moja, yaishe.

"Mama alilala stendi ya Tunduma siku nne, kaka," Tumpe akasema, wala hakupandisha sauti. "Alikuwa anasubiri jeneza lako."

Akainama, akachota udongo wa pale uani, akaufunga kwenye kona ya kitenge. Mama alikuwa amemwagiza udongo wa kaburini kwangu, azikwe nao.

"Nitamwambia nimeliona."

Nikamwita. Hakugeuka mpaka akavuka.

Mama alizikwa mwezi wa saba. Habari nilipewa na yule yule muuza maharage, wiki mbili baadaye, huku ananipimia kilo yangu.

Wewe uliye ugenini umechacha, rudi hivyo hivyo ulivyochacha. Ingia kwenu peku, wakucheke.

Kuchekwa kunaisha.