Siku Redio Ilipomsemea Bibi

Wiki iliyopita nilikaa siku nzima Babati, kwenye ukumbi wa hoteli, nikiwasikiliza vijana waliovaa fulana za rangi moja wakifundishana namna ya "kuifikia jamii". Kulikuwa na maji ya chupa na sambusa zilizopoa. Kijana mmoja akatutangazia kwamba shirika lake limeshawafikia wananchi wa Hanang na Mbulu, tena kwa mafanikio makubwa. Nilitaka kumwuliza kama alipowafikia alikaa, na kama kuna aliyemjibu. Lakini mawazo yalikuwa yameshaondoka, yamenipeleka Basotu kwa bibi yangu, enzi hizo nikiwa darasa la tano.

Wewe uliyekulia karibu na lile ziwa la Basotu unazijua asubuhi zake. Viboko wanakoroma majini, baridi inapenya mpaka kwenye meno, na moshi unatoka kwenye kibuyu ambacho bibi alikuwa anakisugua ndani kwa kijinga cha moto kabla ya kukamua. Mpaka leo maziwa yasiyonukia moshi naona ni maji meupe tu. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama wakati ng'ombe anakamuliwa, halafu nakimbilia shule na umande miguuni.

Habari wakati huo ilikuja kwa miguu. Mgeni hakuanza kusema alipofika mlangoni. Alisalimiwa, akakalishwa, akapewa maziwa, akaulizwa mvua ya kwao na mifugo ya kwao. Baada ya hapo ndipo alitoa habari, na alipoitoa watu walimbana: umeona mwenyewe, au umeambiwa? Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba habari isiyoulizwa swali haina tofauti na upepo.

Halafu mkoa wetu ukakatwa kutoka Arusha, ukaitwa Manyara, na mashirika yakamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua. Kila shirika lilisimika kibao chake kando ya barabara kabla ya kusalimia mtu. Walikuja na magari marefu, wakatukusanya, wakatusomea maneno. Sisi tulikuwa "walengwa". Nilimwuliza mwalimu maana yake, akasema ni wale wanaolengwa. Nilipomweleza bibi alicheka sana, maana kwetu anayelengwa ni mnyama, na anayelenga ana mkuki.

Siku moja gari likaleta afisa wa mradi, mwandishi wa redio mpya ya mjini, na mkalimani wao aliyekijua Kidatoga, lugha yetu, kwa kukisikia minadani. Walitaka sauti ya mama mfugaji. Bibi hakupenda, lakini alikuwa na jambo zito. Jirani yetu, Mwiraqw aliyehamia kutoka Maretadu, alikuwa amesogeza shamba lake la mahindi na uzio wa miiba mpaka akaikata njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani. Mifugo ilizunguka mbali, ndama wakadhoofu, na mjomba wangu alikuwa ameanza kunoa mkuki mchana kweupe, kila mtu akiona. Bibi alijua damu iko karibu. Akaona kama redio inasikika mpaka wilayani, basi na aseme, labda wakubwa watakuja kupima njia kabla hatujazika mtu.

Akasema kwa utulivu, kwa muda mrefu. Aliieleza njia ile, nani aliipita kabla yetu, na kwamba jirani si mtu mbaya, ila mji wake umejaa watoto. Mkalimani akageuka, akamwambia mwandishi kwamba mama anasema maisha ni magumu. Mwandishi akaitikia kwa kichwa. Maziwa waliyopewa hawakuyagusa. Walikuwa na soda zao garini.

Kipindi kiliporushwa, mji mzima ulikusanyika kwenye redio ya mjomba, ambayo betri zake tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi. Tukaisikia sauti ya bibi, ya bibi kabisa, na watoto wakashika midomo. Yalikuwa maneno machache tu. Kisha sauti yake ikashushwa, na juu yake akapanda mwanamke wa studio mwenye sauti ya msibani, akasema: "Mimi ni mama mfugaji. Tuliishi gizani. Watoto wetu wanalala njaa. Tunalishukuru shirika kwa kutuletea elimu, na tunaomba msituchoke."

Bibi alinigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi.

"Anasema nini huyo aliyenifunika mdomo?"

Nikamweleza yote. Aliinuka akaenda zizini, na tulimwacha huko.

Njaa! Katika mji ule! Ng'ombe walikuwa wakilala hadi nje ya zizi. Kwa watu wetu kusemwa kwamba huwezi kulisha watoto ni zaidi ya tusi. Lakini ile redio ilikuwa inasikika kila kona, na asubuhi yake alikuja jirani yule yule wa uzio, na mke wake amejitwisha unga wa mahindi.

"Shikamoo, bibi," akasema, kwa Kidatoga cha kujifunzia machungani. "Tumesikia redioni. Hatukujua hali imefika huku."

Mjomba alisimama. Bibi akamzuia kwa jicho tu. Akaupokea unga kwa mikono miwili, akaitikia marahaba, akamwambia jirani arudi kesho yake, aje na watoto wote. Kisha akamwamuru mjomba achinje dume lililokuwa linamtia majivuno kuliko yote.

Sijala nyama kama ile tena. Mafuta yalichirizika mpaka kwenye viwiko, wazee wakanywa pombe ya asali, watoto wa jirani walikula wakalala palepale kwenye majani. Jirani aliposhiba ndipo bibi akaketi mbele yake.

"Njaa sina, umeona mwenyewe," akamwambia. "Yule wa redio si mimi. Mimi nilisema ng'ombe wangu hawana pa kupita kwa sababu yako."

Jirani aliangalia chini. Akasema alidhani ile njia imeachwa, maana hakuna aliyekuja kumwambia. Alimwona mjomba tu akinoa mkuki. Akaomba avune kwanza. Akavuna, akang'oa miiba yake, na mjomba akaenda kumsaidia kuibeba.

Habari ikawafikia wale wa mradi, nao wakaja mbio. Wakawapanga mjomba na jirani wakishikana mikono, wakawapiga picha, wakawagawia kofia. Redio ikatangaza kwamba mgogoro wa ardhi Basotu umemalizwa na mradi, kutokana na elimu ya uhamasishaji. Mwandishi akataka tena sauti ya bibi. Bibi, akiwa anakoroga majivu ndani ya kibuyu, hakuinua hata uso.

"Mwambieni nimeshasema," akatujibu. "Akanisikilize redioni."

Hayo ndiyo mafunzo ya mawasiliano niliyoyapata bure, na sijaona ukumbi wa hoteli ulioyazidi. Bibi alishakufa. Jirani naye, na mjomba ndiye aliyechimba kaburi lake. Njia ya ng'ombe siku hizi ina nyumba za bati na mashine ya kusaga, na wajukuu wa bibi wanapeana habari kwenye simu bila kuulizana zimetoka wapi. Wanaozileta wakakaa, wakanywa, wakahojiwa, wameisha.

Miaka kadhaa baada ya mazishi ya bibi nilikwenda kwenye ile redio. Nilimkuta kijana mpole, nikamweleza ninachotafuta. Akaniuliza kama ninataka kipindi kizima. Nikamwambia hapana, nataka yale maneno machache ya mwanzo tu, kabla hawajaishusha sauti. Akaingia ndani, akakaa, akatoka akiwa amekunja mikono. Ile kanda, akasema, walikwisha kurekodi matangazo ya biashara juu yake.