Mawili ya Chini, Mbele

Katika kozi ya msaidizi wa daktari wa meno, darasani tulikaa miezi michache tu. Mengine niliyajifunza nikiwa nimesimama kando ya kiti cha mgonjwa, katika kliniki ya ghorofani katikati ya Eldoret: kupanga vyombo kwenye trei, kunyonya mate bila kumkaba mtu, kujaza kadi ya meno. Ilibaki sahihi moja ya daktari kwenye kitabu changu cha mafunzo, ile ya kadi. Bila hiyo singeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho.

Siku hiyo aliketi mzee mmoja, mkulima wa viazi kutoka Burnt Forest, gego likimuuma. Daktari alitaja jino baada ya jino, mimi nikiandika. Alipofika chini, mbele, akasema, "Mawili hayapo." Nikaandika haraka, kwa wino: yaling'olewa kwa kuoza.

Tukingoja sindano ya ganzi ifanye kazi, nikamuuliza mzee hayo mawili yalianza kumsumbua lini.

"Kunisumbua?" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Msichana wangu, hayo yalikuwa mazima kabisa. Tuling'olewa sisi wote wa rika langu, tukiwa watoto. Kwani kwenu wazee hawakung'olewa?"

Waling'olewa. Babu yangu, aliyekuwa akituletea mahindi mtaani Langas kila Desemba, alikuwa na pengo hilohilo, na sikuwahi kufikiri ni ugonjwa. Nilivaa glavu tu, nikasahau.

Daktari alikuwa amenipa mgongo, akinawa mikono. Ningeweza kunyamaza. Kadi haifutwi: kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, na aliyekosa huweka sahihi pembeni. Nikakata, nikaweka sahihi yangu. Nikaandika: yaling'olewa kwa desturi. Nikampelekea daktari pamoja na kitabu changu cha mafunzo, nikimwomba ile sahihi iliyobaki.

Akasoma polepole. "Ulipaswa kuuliza kabla ya kuandika."

"Ndiyo, Daktari."

"Mwekee sahihi huyo," mzee akaingilia, maneno yakimteleza. "Yeye angalau ameuliza. Wewe tangu nikae hapa hujaniuliza hata viazi viko aje."

Daktari akacheka mpaka barakoa ikatikisika. "Haya, Mzee. Viazi viko aje?"

"Viko sawa. Weka sahihi."

Akaweka kitabuni mwangu, na tarehe. Kisha akavaa glavu mpya, akanyoosha mkono bila kuniangalia, nami nikamwekea koleo kiganjani.