Wankyo Aliyesimama kwa Ajili ya Enoka

Wankyo Machage anauza dagaa katika soko la Mwigobero, mjini Musoma, na nyumbani kwake ni Buhare. Wateja humwita Mama Gloria, kwa jina la bintiye mkubwa. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na ukimwomba nyongeza mara ya pili anakurudishia hela yako. Katika kanisa letu dogo la Kipresbiteri amekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na miaka yote hiyo hakuna aliyemjua kama mtu wa mabishano. Kwenye vikao alikaa nyuma, akasikiliza, akanyoosha mkono wakati wa kura, akarudi kwenye dagaa wake.

Alizaliwa upande wa Butiama, katika nyumba ntobhu. Hiyo ni ndoa ya zamani ya huku Mara: mama asiyejaliwa mtoto wa kiume humtolea binti mahari, akamwoa, na watoto wa binti yule wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Wankyo alilelewa na mama aliyemzaa na bibi aliyemwoa mama yake. Hakuona ajabu yoyote mpaka mama yake alipoomba kubatizwa. Wazee wa kanisa wa wakati huo walikataa, wakasema hawawezi kumpokea mke wa mwanamke mwenzake. Basi kila Jumapili mama alivaa nguo yake nzuri, akaenda na watoto, akaketi nje chini ya dirisha na kuimba pamoja na waliokuwa ndani. Wankyo alishakuwa binti mkubwa siku mwinjilisti mmoja alipotoka katikati ya ibada, akamshika mama mkono na kumwingiza.

Mambo hayo hakuwa akiyasimulia. Tuliyasikia kwa sababu ya Enoka, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake.

Enoka ni mwinjilisti wa usharika wa Bugwema, kwa wakulima. Ni mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kucheka. Kukitokea msiba anachimba kaburi pamoja na vijana, halafu ananawa na kuongoza ibada. Akina mama kadhaa watu wazima walijifunza kusoma kwake. Alipomaliza chuo cha Biblia, usharika wake ukampendekeza awekewe mikono na kuwa mchungaji. Kamati ya presbiteri, yaani wachungaji na wazee waliochaguliwa kutoka sharika zetu zote, ikakutana Bunda kumhoji. Wankyo alikuwa mmoja wao.

Maswali ya imani aliyajibu vizuri. Kisha mwenyekiti, Mchungaji Amos, akatabasamu na kuuliza, "Sasa mwinjilisti, umri unakwenda. Mchumba yuko wapi?"

Wengine waliwahi kuulizwa swali hilo wakataja jina la msichana yeyote, mambo yakaisha. Enoka aliinama kidogo, kisha akainua uso.

"Sina mchumba, mchungaji, na sitawadanganya. Moyo wangu haujawahi kuelekea kwa wanawake. Unaelekea kwa wanaume. Nimefunga, nimeomba, nimelia, bado niko hivi tangu ujana. Sina mtu ninayeishi naye. Nilitaka mjue kabla hamjaniwekea mikono."

Mzee Makoye, mkulima wa pamba wa hapo Bunda, alisukuma kiti chake nyuma kama aliyeona nyoka. Enoka akaombwa atoke nje. Majadiliano hayakuchukua muda, jina lake likakatwa. Hapo ndipo Wankyo alipofungua mdomo, tena si kwa kumtetea.

"Wazee wangu," alisema, "tukitoka hapa tukaropoka, huyu mtoto atapigwa mawe au atafungwa. Ametuamini. Mungu asikie kila mmoja akisema neno hili halitatoka."

Wakakubali mmoja mmoja, na Makoye naye.

Wiki iliyofuata Wankyo alipanda pikipiki mpaka Bugwema. Alimkuta Enoka nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja.

"Nitawaendea," alisema Wankyo. "Mmoja mmoja, majumbani mwao. Lakini kwanza nikuulize, unataka nifanye hivyo? Shingo inayowekwa hapo ni yako."

"Utawaambia nini, mama?"

"Nitawaambia huna mtu. Unaishi peke yako, hujamkosea yeyote. Sasa wanakuadhibia nini?"

Enoka aliacha kumenya. "Na ningekuwa na mtu, mama? Ningekuwa na mtu ninayempenda, ungepanda pikipiki kuja hapa?"

Wankyo alisema baadaye kwamba swali lile lilimuuma kuliko yote aliyoyasikia Bunda, kwa maana aliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kumwingiza Enoka ndani kwa sharti la kubaki mpweke maisha yake yote. Alimenya mihogo mpaka ikaisha, kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Nipe muda."

"Chukua," alisema Enoka. "Mimi mwenyewe nilichukua mwingi. Na waendee. Nimechoka kuogopa."

Kuanzia hapo, kila alipopata siku ya kumwachia jirani meza yake ya dagaa, Wankyo alisafiri. Alikwenda Butiama, alikwenda Bunda. Hakuitisha mkutano wala hakutuma ujumbe kwa simu. Alizungumza tu na wale waliokuwa kwenye kile chumba, uso kwa uso. Wapo waliomkaribisha chai na kumwambia arudi nyumbani. Mwingine alimwombea apone. Mchungaji Amos alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi na kusema, "Mama Gloria, unaniweka pabaya." Lakini hakumkataza.

Makoye alimpokea shambani, hata kiti hakumpa.

"Wewe unataka watoto wetu waharibike?" alifoka.

"Mzee Makoye, marehemu mke wako alipougua, nani alikuwaga anakuja kukaa naye?"

Enoka ndiye aliyekuwa akitoka Bugwema kuja kumsomea Zaburi yule mama na kumgeuza kitandani, wakati ndugu wengine walishachoka.

"Alimharibu nani nyumbani kwako?" aliuliza Wankyo. "Angekudanganya ana mchumba Mwanza, leo ungemwita mchungaji. Sisi tumemkata kwa sababu amesema kweli. Tena mbele za Mungu."

"Nenda, mama," alisema Makoye, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Nenda, nina kazi."

Presbiteri nzima ilipokutana Butiama, Wankyo aliomba suala hilo lirudishwe mezani bila kutaja jina: je, mtu wa namna hiyo, mwenye wito na mwenendo mwema, azuiwe kuwekewa mikono? Alisimama mbele kwa mara ya kwanza maishani. Akasimulia habari za mama yake chini ya dirisha.

"Sisemi mambo haya mawili ni sawa," alisema. "Ndoa ya mama yangu ilikuwa ya mila, ya kutafuta watoto. Lakini mlango uliofungwa naujua. Nilikulia nje ya huo mlango. Wale wazee walikuwa na Biblia mkononi, nao walikuwa na hakika kama ninyi leo."

Baadhi ya kina mama walikuwa wakifuta macho. Ndipo mchungaji mmoja kijana akasimama. "Mama, tuseme huyo mtu anaishi peke yake. Labda tungemfikiria. Je, angekuwa na mwenzake?"

Wote tuliona jibu rahisi lilipokuwa. Angesema kwamba hilo ni jambo lingine, na huenda angepata kura alizozitafuta miezi yote hiyo. Wankyo alishika kingo za meza.

"Niliulizwa swali hilo nikashindwa kujibu," alisema. "Sasa nimefikiri. Ingenichukua muda kuzoea, sitaki kuwadanganya. Lakini bado ningesimama hapa hapa."

Ukumbi ulilipuka, Mchungaji Amos akawa anagonga meza bila kusikika. Kura ilipopigwa, mikono iliyomuunga mkono Wankyo ilikuwa michache, na wa Makoye haukuwamo. Kabla jua halijashuka Wankyo akawa amesimamishwa uzee wa kanisa. Alipanda gari la kurudi Musoma akiwa na khanga begani.

Walioshinda walidhani yamekwisha. Lakini akina mama walianza kumfuata, kwanza sokoni, wakijifanya wanachagua dagaa, halafu nyumbani Buhare. Huyu ana kijana aliyefukuzwa na baba yake, yule ana binti aliyekimbilia Mwanza na hapokei simu. Wankyo hakuwa na dawa. Aliwapikia uji, wakazungumza, wakaomba, na hakuna aliyeambiwa atubu kwa ajili ya mtoto wake. Wengine walikuwa wake za wazee waliompigia kura ya hapana.

Enoka naye hakuondoka Bugwema. Kamati ilitaka kumhamisha, lakini watu wake waligoma kupewa mwinjilisti mwingine, na presbiteri ikaona heri kumwacha. Anahubiri, anazika, anafundisha. Kola ya uchungaji hajavaa.

Mwaka huu Makoye alisimama kwenye kikao cha Bunda, akiwa ameshika kofia mkononi. "Mimi sijabadilika sana," alisema kwa ugumu. "Ila tulimkata mtu bila kumsikiliza. Naomba kanisa liunde kamati ya kusikiliza, na Mama Gloria awemo." Hoja ikapita kwa shida, na walioipinga wametangaza kwamba hawatakubali kitu zaidi ya hapo.

Kamati ilianza kazi mjini Musoma juzi juzi, milango ikiwa imefungwa. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Tabitha, mama wa Butiama, ambaye kwa miaka hajalitaja jina la mtoto wake mbele ya watu. Alisimama, akashindwa kuanza. Wankyo akainuka, akaenda kuketi karibu naye, na yule mama akaanza kusema.